Peter Schöffer wa Mainz: je, alimsaliti Gutenberg, au ndiye aliyeifanya kazi ya uchapaji idumu?

Mdadisi wa Tabora ameuliza:

Ndugu wanajukwaa, naomba msaada wa wale wanaoijua historia ya vitabu. Kila ninaposoma habari za mwanzo wa uchapaji huko Ujerumani, hadithi huwa ni ileile: Johannes Gutenberg wa Mainz alivumbua namna ya kuchapa kwa herufi za madini, moja moja, zinazoweza kupangwa na kupanguliwa, akakopeshwa fedha na tajiri aitwaye Johann Fust, kisha mwaka 1455 Fust akamshitaki na kumnyang'anya karakana wakati Biblia ya mistari 42 imekamilika au inakaribia kukamilika. Mwishoni kabisa, kwa sentensi moja au mbili, anatajwa Peter Schöffer, kijana aliyekuwa akifanya kazi katika karakana hiyo, akasimama upande wa Fust na baadaye akamwoa binti yake. Anaachwa hapo, na msomaji anabaki na picha ya mtu aliyemgeuka bwana wake kwa ajili ya mali.

Kinachonisumbua ni kwamba Schöffer aliendelea kuchapa vitabu kwa karibu nusu karne baada ya kesi hiyo. Mtu aliyefanya kazi muda wote huo hawezi kuelezwa kwa siku moja aliyoonekana mbele ya mthibitishaji wa hati. Ninaomba kujua mambo mawili. Kwanza, ushahidi wa huo usaliti umetoka wapi hasa, na unasema nini? Pili, Schöffer mwenyewe alifanya nini katika ufundi wa uchapaji ambacho hakikuwa kimefanywa na Gutenberg? Nitashukuru kupata majibu yenye tarehe na majina ya vitabu, kwa sababu ninataka kuwaeleza wanafunzi wangu jambo ninaloweza kulitetea.

Mama Maktaba amejibu:

Mwalimu, umeuliza swali ambalo lilistahili kuulizwa mapema zaidi. Nianze na ushahidi, kwa kuwa hapo ndipo hadithi ya usaliti inapoanza kupwaya.

Karibu yote tunayoyajua kuhusu ugomvi wa Gutenberg na Fust yametoka katika hati moja iliyoandikwa na mthibitishaji Ulrich Helmasperger tarehe 6 Novemba 1455, katika ukumbi wa kulia chakula wa watawa Wafransisko mjini Mainz. Hati hiyo imehifadhiwa hadi leo katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Göttingen. Inaeleza kwamba Fust alitoa gulden (sarafu za dhahabu za Ujerumani) 800 mara ya kwanza, akaongeza 800 nyingine baadaye kwa ajili ya kazi yao ya pamoja, na kwamba pamoja na riba alikuwa akidai gulden 2026. Siku hiyo Fust alikula kiapo kwamba yeye mwenyewe alikuwa amekopa gulden 1550 kwa riba ili kuzipeleka katika kazi hiyo. Gutenberg hakufika; alituma padri mmoja na wafanyakazi wake wawili, Heinrich Keffer na Bechtolf wa Hanau, wasikilize na kushuhudia.

Na Schöffer? Jina lake limo katika orodha ya mashahidi wa hati, akitajwa kama Peter wa Gernsheim, mkleri (mtu wa utumishi wa Kanisa) wa mji na jimbo la Mainz. Ni hilo tu. Hati haisemi kwamba alitoa ushahidi dhidi ya Gutenberg, wala kwamba aliahidiwa kitu. Shahidi wa hati ya namna hiyo alikuwa mtu anayethibitisha kwamba kiapo kimeapwa mbele yake. Ni kweli kwamba baada ya hapo tunamkuta akifanya kazi pamoja na Fust, nami sidai kwamba hakuwa na masilahi yake; ila kutoka kwenye jina lililoandikwa katika orodha hadi kumwita mtu msaliti ni safari ndefu, na wengi wameikata bila kusimama kuiangalia njia.

Kuhusu maisha yake ya awali, alizaliwa Gernsheim, mji mdogo kando ya mto Rhine, takriban mwaka 1425. Mwaka 1449 alikuwa Paris akinakili vitabu kwa mkono chuoni, na tunalijua hilo kwa sababu alitia jina lake na mwaka mwishoni mwa mswada mmoja. Mswada wenyewe uliungua mwaka 1870 maktaba ya Strasbourg ilipoteketea katika vita vya Ufaransa na Ujerumani, lakini ukurasa ule wenye jina ulikuwa umekwisha kunakiliwa kama picha, na mwandiko wake ni wa mtu mwenye mkono uliofunzwa vizuri mno. Naomba ulikumbuke jambo hili. Kwa kadiri tunavyojua, Gutenberg alitokea upande wa ufundi wa madini. Schöffer alitokea upande wa kalamu, naye alijua ukurasa mzuri unatakiwa uonekaneje kabla hajagusa herufi hata moja ya risasi.

Fundi Chapa amejibu:

Mwalimu, mimi nilipanga herufi za risasi kwa mkono kwa miaka mingi kabla ya kompyuta kuingia viwandani, kwa hiyo nitajibu swali lako la pili kwa jicho la fundi, na nitashikilia kitabu kimoja: Zaburi ya Mainz ya mwaka 1457.

Kitabu hiki kilikamilika tarehe 14 Agosti 1457, mkesha wa sikukuu ya Kupalizwa Mbinguni Bikira Maria. Hatubahatishi tarehe hiyo, kwa sababu imechapwa ndani ya kitabu chenyewe. Mwishoni mna maelezo mafupi, yaani kolofoni, yanayosema kwamba kitabu kimetengenezwa kwa ubunifu wa ufundi wa kuchapa, bila kalamu kuandika, na kwamba waliokikamilisha ni Johann Fust, raia wa Mainz, na Peter Schöffer wa Gernsheim. Hiki ndicho kitabu cha kwanza cha Ulaya kilichochapwa kikiwa na tarehe kamili na majina ya wachapaji. Biblia ya Gutenberg haina tarehe, haina mahali, haina jina la mtu. Na hakuna kitabu chochote kinachojulikana ambacho Gutenberg alitia jina lake.

Sasa tazama ukurasa wenyewe. Maandishi yamepangwa kwa herufi kubwa sana, za ukubwa wa aina mbili, ili watawa wanaoimba kwaya waweze kusoma wakiwa wamesimama mbali na kitabu. Mbali na wino mweusi, kuna wino mwekundu, na herufi kuu zinazoanzisha zaburi zimechapwa kwa rangi mbili, nyekundu na buluu, zikizungukwa na nyuzi nyembamba za mapambo kama zile ambazo hapo zamani zilichorwa kwa mkono baada ya mwandishi kumaliza kazi yake. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba kila herufi kuu ilikuwa na vipande viwili vya madini vinavyoingiana: kimoja ni herufi yenyewe, kingine ni mapambo yake. Kila kipande kilitolewa, kikapakwa wino wa rangi yake peke yake, kikarudishwa mahali pake katikati ya maandishi yaliyokwisha kupakwa wino mweusi, ndipo mtambo ukabanwa mara moja tu kwa rangi zote. Ninaomba ufikirie kazi hiyo ikirudiwa kwa kila nakala na kwa kila ukurasa wenye herufi kuu, juu ya ngozi ya ndama, ambayo huvutika na kusinyaa kufuatana na unyevu wa hewa. Mimi nimechapa rangi mbili kwa mitambo ya chuma iliyonyooka, na bado rangi zilikuwa zikinikimbia. Katika nakala zile, uzi mwembamba wa buluu umeizunguka herufi nyekundu bila kuigusa.

Herufi zile zilikuwa na uimara wa ajabu pia. Zaburi ilichapwa tena mwaka 1459, ikachapwa mwaka 1490, na tena mwaka 1502, na mchapaji aliendelea kutumia herufi na mapambo yaleyale. Anayejua jinsi risasi inavyolika ataelewa kwamba jambo hilo haliwezekani mpaka fundi awe ametunza vyuma vya kuchongea na kalibu zake, ili herufi zinazochakaa ziyeyushwe na nyingine zimiminwe upya kwa sura ileile. Kwa njia iliyokuja kuenea Ulaya nzima, herufi huchongwa kinyumenyume kwenye ncha ya chuma kigumu, chuma kikagongwa kwenye kipande cha shaba ili kuacha alama, alama ikafungwa chini ya kalibu, kisha ukamiminwa mchanganyiko ulioyeyushwa wa risasi, bati na antimoni. Johannes Trithemius, abate aliyeandika mwanzoni mwa karne ya 16, anasema aliyasikia kwa Schöffer mwenyewe mambo ya siku zile za mwanzo, na anamtaja Schöffer kuwa ndiye aliyepata njia rahisi zaidi ya kumimina herufi. Baadhi ya wanahistoria hawamwamini Trithemius katika kila neno, lakini vitabu vyenyewe havimpingi.

Katika kazi yote hiyo ya kustaajabisha, kolofoni ya Zaburi ina kosa la kupanga herufi lililopenya mpaka mwisho: badala ya "psalmorum" imechapwa "spalmorum". Nimelipenda kosa hilo tangu siku niliyolifahamu, kwa maana linanionyesha mkono wa mpangaji halisi, pengine usiku, pengine kwenye mstari wa mwisho kabisa wa kazi ya miezi mingi.

Mdadisi wa Tabora:

Shikamoo Mzee Fundi, na ahsante sana Mama Maktaba. Mmenifungua macho. Naomba niulize jambo linalofuata kwa heshima. Kazi ya Zaburi ya 1457 bila shaka ilianza muda mrefu kabla ya Agosti ya mwaka huo, na kesi ilikuwa Novemba 1455. Je, haiwezekani kwamba herufi zile na mapambo yale yalianzwa na Gutenberg mwenyewe, na kwamba kolofoni ile inayowataja Fust na Schöffer pekee ndiyo dhuluma hasa ambayo watu huizungumzia?

Fundi Chapa amejibu:

Marahaba, Mwalimu. Inawezekana kabisa, na wapo wataalamu wanaoliona jambo hilo kuwa karibu na ukweli. Herufi kubwa kama zile hazichongwi kwa wiki chache. Kwa hiyo mimi sitamnyang'anya Gutenberg sehemu yake katika Zaburi. Ninachosema ni kwamba tuangalie vitabu vilivyofuata, ambavyo Gutenberg hakuwa na mkono ndani yake.

Oktoba 1459 Fust na Schöffer walitoa kitabu cha Durandus kuhusu ibada za Kanisa, na humo wakatumia herufi mpya, ndogo kuliko zote zilizotangulia, zenye umbo linalokaribia mwandiko wa kila siku wa wasomi. Mwaka 1460 wakachapa sheria za Papa Klementi wa Tano kwa mpango ambao mpangaji yeyote wa herufi atausifu: maandishi ya sheria yako katikati ya ukurasa kwa herufi kubwa, na ufafanuzi wa mwanasheria umeyazunguka pande zote kwa herufi ndogo. Urefu wa sheria na urefu wa ufafanuzi hubadilika kila ukurasa, kwa hiyo kila ukurasa lazima uhesabiwe upya kabla ya herufi ya kwanza kuwekwa, la sivyo sheria itaishia hapa na ufafanuzi wake uangukie upande wa pili wa karatasi. Halafu ikaja Biblia ya tarehe 14 Agosti 1462, Biblia ya kwanza iliyochapwa ikiwa na tarehe. Ile ya Gutenberg ilikuwa na mistari 42 kwa safu na kurasa zipatazo 1280. Hii ina mistari 48 na kurasa zipatazo 960, wala haimchoshi msomaji. Karatasi na ngozi vilikuwa ndivyo vyenye gharama kubwa, hivyo kuokoa zaidi ya kurasa 300 katika kila nakala ni tofauti kati ya karakana inayoishi na karakana inayofilisika.

Mfanyabiashara Mstaafu amejibu:

Mzee Fundi amegusa gharama, nami ningependa kuendelea kutoka hapo, kwa sababu naona Schöffer hapewi haki yake katika jambo la biashara, na watu huitaja biashara kama kwamba ni doa.

Miezi miwili na nusu tu baada ya Biblia hiyo kutoka, usiku wa kuamkia tarehe 28 Oktoba 1462, mji wa Mainz ulivamiwa. Wakuu wawili, Diether von Isenburg na Adolf von Nassau, walikuwa wakigombea cheo cha askofu mkuu, na karakana ya Fust na Schöffer ilikuwa imechapa matangazo ya pande zote mbili za ugomvi huo. Adolf aliuteka mji, watu wakauawa, wengi wakafukuzwa, na mafundi wa uchapaji wakatawanyika. Wanahistoria wengi wanaona kwamba mtawanyiko huo ulisaidia kuupeleka ufundi katika miji mingine ya Ulaya. Vitabu vikubwa vya Fust na Schöffer havikuonekana tena mpaka 1465, ambapo walitoa maandishi ya Cicero kuhusu wajibu wa mtu, yenye maneno machache yaliyochapwa kwa herufi za Kigiriki. Mwaka uliofuata Fust alifariki dunia akiwa Paris kwa shughuli za kuuza vitabu.

Hapo ndipo Schöffer anapobaki na mzigo peke yake kama mchapaji, akishirikiana kibiashara na Conrad Henkis, aliyemwoa mjane wa Fust. Yeye mwenyewe alimwoa Christina, binti wa Fust. Takriban mwaka 1469 au 1470 alichapa karatasi moja ya tangazo, yenye orodha ya vitabu vipatavyo ishirini anavyouza, na chini yake akaweka mstari mmoja uliochapwa kwa herufi kubwa za Zaburi, unaosema kwamba hizi ndizo herufi za Zaburi. Mteja aliyekuwa akisoma orodha hiyo katika nyumba ya wageni aliuona ubora wa kitu kabla ya kutoa fedha. Sijui njia bora zaidi ya kuuza bidhaa ambayo wengi walikuwa hawajawahi kuiona.

Paris ilimtia hasara kubwa. Wakala wake huko, Hermann wa Stadtlohn, alifariki mwaka 1474, na kwa sheria ya Ufaransa ya wakati huo mali ya mgeni aliyefia nchini ilikuwa ya mfalme. Vitabu vyote vikachukuliwa na kuuzwa. Schöffer na Henkis hawakukaa kimya. Walipeleka malalamiko yao wakiungwa mkono na wakubwa wa Ujerumani, na mwezi wa Aprili 1475 Mfalme Louis wa Kumi na Moja akaamuru walipwe zaidi ya ekyu (sarafu za Ufaransa) 2400, kwa mafungu ya kila mwaka. Kiasi hicho kinaonyesha ni shehena kubwa kiasi gani ya vitabu vya Mainz iliyokuwa imelala katika mji mmoja wa kigeni.

Kuna kitabu kimoja zaidi ambacho wanafunzi wako watakipenda kuliko vyote. Tarehe 28 Machi 1485 alichapa kitabu cha Kijerumani kuhusu mimea na tiba, kiitwacho Gart der Gesundheit, chenye sura 435 na picha zipatazo 380. Ni kitabu kwa ajili ya mtu asiyejua Kilatini. Dibaji yake inaeleza kwamba aliyekigharimia alimchukua mchoraji katika safari ya kwenda Nchi Takatifu ili mimea ya huko ichorwe kwa kuitazama yenyewe, badala ya kunakili michoro ya zamani iliyokwisha kupoteza sura ya kitu. Kabla mwaka huo haujaisha, mchapaji mmoja wa Augsburg alikuwa amekwisha kukinakili na kukitoa kwa jina lake. Hakukuwa na sheria ya kumzuia.

Mama Maktaba amejibu:

Nirudi kwenye swali la Mwalimu kuhusu majina, kwa kuwa limebaki nusu.

Ni kweli kwamba kolofoni za Fust na Schöffer hazimtaji Gutenberg, na ni kweli pia kwamba jambo hilo lilileta madhara ya muda mrefu. Lakini familia yenyewe haikuwa na kauli moja. Peter Schöffer alifariki kati ya mwisho wa 1502 na mapema 1503, na mwanawe Johann akarithi karakana. Mwaka 1505 Johann alichapa tafsiri ya Kijerumani ya historia ya Roma iliyoandikwa na Livius, akamwandikia Kaisari Maximilian dibaji inayosema waziwazi kwamba ufundi wa kuchapa ulibuniwa Mainz na Johann Gutenberg, kisha ukaendelezwa na Fust na Peter Schöffer. Miaka kumi baadaye, katika kolofoni ya 1515, Johann huyohuyo anadai kwamba aliyeubuni ni Fust, babu yake, akisaidiwa na Peter, na Gutenberg hatajwi hata kidogo. Kama kuna aliyelifuta jina la Gutenberg kwa makusudi, ushahidi wa wazi unamwangukia mjukuu wa Fust, wakati ambapo wazee wote watatu walikuwa wamekwisha kuzikwa. Gutenberg mwenyewe alikuwa amefariki Februari 1468.

Mimi sioni sababu ya kuchagua mmoja na kumtupa mwingine. Gutenberg alionyesha kwamba kitabu kizima kinaweza kuchapwa. Schöffer alionyesha kwamba mtu anaweza kuchapa kitabu baada ya kitabu, mwaka baada ya mwaka, akalipa mafundi, akavuka vita na vifo, na bado ukurasa ukabaki mzuri. Heshima aliyopewa Mainz, hata akawa mmoja wa mahakimu wa mahakama ya mji huo, haikutokana na kiapo cha mtu mwingine cha mwaka 1455. Mwanawe wa pili, aliyeitwa Peter kama baba yake, alichapa Worms mwaka 1526 Agano Jipya la Kiingereza la William Tyndale, kitabu ambacho Uingereza ilikipiga marufuku na kukichoma.

Kwa ajili ya darasa lako, Mwalimu, nakushauri utafute kwenye intaneti picha za nakala ya Zaburi ya 1457 iliyoko Vienna, katika Maktaba ya Taifa ya Austria. Nakala zilizosalia ni chache, zipatazo kumi, na hiyo ya Vienna ina kitu ambacho wanafunzi watakitambua mara moja: chini ya kolofoni kuna alama ya ngao mbili ndogo nyekundu zinazoning'inia kwenye tawi. Fust na Schöffer waliitia alama hiyo katika Biblia ya 1462 na katika vitabu vingi vilivyofuata, na wachapaji wa miji mingine wakaanza kubuni za kwao. Anza na ukurasa wa kwanza wenye herufi B kubwa, uwape muda wa kuitazama kwa karibu, kisha uwapeleke kwenye ukurasa wa mwisho.